Land Rover Series III au Land Cruiser FJ40? Magari mawili kuukuu ya Nairobi, yote yakidaiwa kuwa na injini iliyoundwa upya

Dada yangu mkubwa alizunguka Nairobi wiki tatu akitafuta gari kuukuu la porini, lile la umbo la sanduku ambalo tukiwa watoto lilimleta DO, yule ofisa wa serikali, kijijini pamoja na vumbi lake. Mwishowe alibakiwa na mawili. La kwanza ni Land Rover Series III ya 1982, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliyoegeshwa uani kwa mzee mmoja huko Karen. La pili ni Land Cruiser FJ40 ya 1979, kwenye yadi ya magari karibu na Ngong Road. Yote mawili ni ya petroli, na matangazo yake yalikuwa na maneno yale yale: injini imefanyiwa ovaholi. Mzee alitaka shilingi 950,000. Yadi ilitaka 1,850,000. "Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "wewe ulishaumia na haya magari. Njoo uniangalizie."

Ni kweli niliumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Land Rover fupi ya inchi 88 kwa fundi aliyeniapia kwamba injini ni mpya. Miezi mitatu baadaye, nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, ikaanza kugonga chini, ko-ko-ko, na kabla sijafika juu taa ya oili ilikuwa imewaka. Tulipoifungua tulikuta ringi mpya kwenye pistoni za zamani, silinda ambazo hazikuchongwa, na krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, yenye mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Fundi hakupokea simu tena. Ndiyo maana safari hii niliomba siku mbili nzima, nikabeba sumaku, tochi, geji ya kompresheni, kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, na gunia la kulalia chini ya gari.

Kabla ya yote nilimuuliza dada gari litaishi wapi. Anakaa Ruaka, kazini huenda na gari lake dogo, na ana mbuzi na ng'ombe wachache upande wa Kajiado. Hilo kuukuu litakuwa la Ijumaa jioni na Jumapili: lami kama kilomita 90, kisha kilomita 20 za changarawe na udongo mweusi ule unaonata kwenye tairi mvua ikinyesha mpaka gurudumu linakuwa kama donge la ugali. Majibu hayo yaliamua mengi. Angekuwa anataka gari la kila siku la kukaa kwenye foleni ya Waiyaki Way, ningemwambia aachane na yote mawili.

Neno "ovaholi" linabeba nini

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuunda injini upya kunamaanisha blok imevuliwa vitu vyote, ikaoshwa, silinda zikachongwa na kuwekewa pistoni za saizi inayofuata. Krenki ikasagwa na kuwekewa beringi zinazolingana na msago huo. Pampu ya oili ikabadilishwa au kupimwa. Silinda hedi ikasawazishwa, miongozo na viti vya valvu vikashughulikiwa. Kubadilisha ringi na gasketi ni matengenezo. Si ovaholi, hata kama fundi alikesha.

Kazi ya kweli huacha alama. Pistoni ya saizi kubwa zaidi hugongwa muhuri juu yake. Kwa Land Rover, gari la Uingereza la enzi ya inchi, utaona namba kama 020, yaani sehemu ishirini kati ya elfu moja za inchi. Kwa Toyota ni milimita: 0.50 au 1.00. Beringi nazo huandikwa mgongoni. Na karakana ya kuchonga injini, hata ile ya banda la mabati kule Industrial Area, hutoa risiti yenye vipimo.

Mzee wa Karen alipoulizwa hakujibu kwa maneno. Aliingia ndani akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na beringi za zamani zilizolikwa hadi rangi ya shaba ikatokea, pistoni moja iliyopasuka sketi, na risiti iliyokunjwa mara nne, ikionyesha silinda nne zimechongwa kwa 020, krenki imesagwa kwa 010, na seti ya beringi kubwa tano. Hiyo tano ilinifurahisha. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kubwa tatu tu za krenki hadi 1980, ndipo wakaongeza zikawa tano. Krenki inayoshikiliwa mahali pengi zaidi hutulia zaidi. Ukipata Series III iliyoundwa baada ya mwaka huo, na injini yake ya asili haijang'olewa, una injini bora kuliko ile ya kaka yake wa 1975. Tulichomoa plagi, tukaingiza kamera, na ile 020 ilikuwepo juu ya pistoni ya kwanza, bado inasomeka chini ya masizi mepesi.

Kule yadi mambo yalikuwa tofauti. Injini ya FJ40, ile 2F ya silinda sita na lita 4.2, ilikuwa imepuliziwa rangi ya fedha ikang'aa hadi kwenye klipu za mipira ya maji na kingo za gasketi. Risiti hakuna. Kijana wa yadi alisema, "Madam, hii engine ni safi, sikia tu." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo: iliwaka kwa mguso mmoja na ikatulia kama cherehani. Lakini nilipoweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa na joto. Ilikuwa imewashwa kabla hatujafika. Injini yenye joto huficha moshi wa asubuhi, huficha kelele za valvu, huficha stata inayochoka. Tukamwambia tutarudi kesho saa moja asubuhi na hatutaki iguswe. Tulirudi, ikawaka baridi, ikatoa moshi wa bluu kidogo kwa sekunde chache kisha ikasafika.

Kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, tulipima zote mbili zikiwa zimepata joto. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya magari haya havikuambii kwa sababu viliandikiwa watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, hivyo namba utakayosoma itakuwa chini ya ile ya kitabu hata injini ikiwa nzima. Usitishike na namba yenyewe. Linganisha silinda na mwenzake; tofauti ikizidi asilimia 10 kuna tatizo. Land Rover ilitupa psi 128, 130, 127 na 130. Safi. Land Cruiser: 124, 126, 125, 104, 124, 126. Silinda ya nne imelegea. Tukamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ingepanda, ungekuwa ugonjwa wa ringi. Haikupanda, kwa hiyo ni valvu. Kamera ilionyesha pistoni zenye 0.50, mpya kweli. Basi aliyeitengeneza alifanya kazi ya chini vizuri, akarudisha silinda hedi ya zamani juu bila kuishughulikia.

Hili la valvu lina historia yake. Magari haya yaliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo miongoni mwa mambo mengine yalilinda viti vya valvu za ekzosi. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo injini kuukuu ya petroli inapofunguliwa leo, muulize fundi kwa jina: viti vya valvu za ekzosi umeweka vigumu? Akibabaika, unajua.

Hata hivyo sikumwambia dada aikatae FJ40 kwa sababu ya silinda moja. Silinda hedi hutolewa, hupelekwa karakana, hurudishwa. Injini ni kitu kinachofunguka na kufungika. Kasoro yake ina mwisho. Kilichotuchelewesha kuamua kilikuwa chini zaidi.

Sumaku

Mwili wa Land Rover ni alumini. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, na gari lilipozinduliwa 1948 mabamba yake yalikuwa ya aloi hiyo. Yakabaki hivyo miaka yote. Sumaku haishiki mlango wala bawa lake. Ukitaka kujua kama limegongwa na kuzibwa kwa puti, tumia macho na vidole. Lakini alumini haioti kutu ile nyekundu, na mabamba mengi yamefungwa kwa bolti: bawa likipondeka unalifungua, unafunga lingine.

Tatizo ni kwamba chini ya ile alumini kuna chuma kinachooza kimyakimya. Chasisi ya Land Rover ni boksi lililolehemiwa, na maji yakiingia ndani huoza kuanzia ndani kwenda nje. Lala chini uangalie boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba mwili, na mahali springi zinaposhikilia. Kisha angalia ukuta unaotenga injini na abiria, hasa sakafu ya miguu na nguzo za milango. Nilipiga chasisi ya mzee kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma, ikajibu ti, ti, ti kote. Kwenye sakafu ya miguu ya dereva, chini ya zulia la mpira, nilikuta tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Nilimwita dada akaingiza kidole. Mzee alisema alikuwa analijua na alikuwa amesahau kulitaja, na nilimwamini kwa sababu alikuwa hajaficha kitu kingine chochote. Sakafu hiyo fundi wa kulehemu huitengeneza kwa siku moja.

FJ40 ni chuma mwili mzima isipokuwa bamba la juu ya paa, ambalo kwa zile zenye paa gumu ni faibaglasi. Kwa hiyo sumaku ndiyo rafiki yako. Nilianza boneti: pa, inashika. Mlango: pa. Nikashuka chini ya mlango wa nyuma, kwenye kizingiti. Sumaku ikashika nusu, ikateleza, ikaanguka kwenye changarawe. Nikairudisha mara tatu mahali tofauti, ikaanguka mara tatu. Hapo ndipo gari hizi huoza duniani kote, na aliyeipaka rangi alijaza puti nene kama mkate. Nikalala chini. Karibu na kishikizo cha springi ya nyuma upande wa kushoto kulikuwa na bamba limelehemiwa juu ya chasisi, kisha likapakwa lami nyeusi pamoja na kila kitu kilicho karibu. Nilipiga kwa bisibisi: ti, ti, pu. Ile "pu" sijaisahau.

Kijana wa yadi alisema ni kuimarisha tu. Huenda. Lakini chasisi ya 40 ni imara kiasi kwamba haiimarishwi mahali pale bila sababu.

Barabarani

Hapa Land Cruiser inashinda na sitafuti maneno ya kupunguza makali. Land Rover ya lita 2.25 ina nguvu farasi 70 ikiwa kiwandani. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo Nairobi unaendesha karibu 58. Ile 2F hutajwa kuwa na 125 hadi 135 kutegemea namna ya kupima. Hata ukikata ile ya mwinuko, unabaki na zaidi ya 100. Kwenye mteremko na mlima wa Namanga Road tofauti hii si ya kwenye karatasi. Land Rover yenye watu wanne na magunia ya pumba hupanda kwa gia ya tatu, na lori la saruji linakupita likikupigia honi. Inapendeza kwa kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Zaidi ya hapo inakuwa kelele. FJ40 hufika 100 bila kulalamika.

Breki pia. Series III ina dramu magurudumu yote manne. Zikirekebishwa vizuri hushika, zikiachwa kidogo gari huvuta upande. FJ40 za katikati ya miaka ya 1970 kuendelea, kwa masoko mengi, zilipewa diski mbele, na hii ya yadi ilikuwa nazo. Dada alipoiendesha kuelekea Dagoretti Corner na matatu ikamkatia mbele, alisimama palepale. Kwenye Land Rover alijifunza mapema kuacha nafasi ya magari mawili.

Usukani wa yote mawili ni mzito yakiwa yamesimama. Land Rover ya 109 huhitaji karibu mita 14 kugeuka, na utalikumbuka hilo siku unapojaribu kutoka kwenye maegesho ya Kirinyaga Road. FJ40 ni fupi, hugeuka kwa adabu. Lakini ufupi huo ni nafasi pia: nyuma ya FJ40 mbuzi watatu wamejaa, kwenye 109 wanaenea sita na mtoto wa kuwashikilia.

Kwenye matope yote mawili ni mashine kamili. Yana springi za mabamba, ekseli za chuma kizima mbele na nyuma, gia za kawaida na zile nzito. Kwenye Land Rover unabonyeza kitufe cha manjano kuunganisha magurudumu ya mbele, na kishikio chekundu kwa gia nzito. Neno moja kwa anayetoka kwenye magari ya kisasa: usiunganishe magurudumu yote manne kwenye lami kavu. Hakuna difu ya katikati, na mifumo itakazana hadi kitu kiachie.

Mafuta nilimhesabia dada kwa lita, kwa sababu bei inabadilika EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza tarehe 14 kila mwezi. Safari yake ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 220. Land Rover ikienda vizuri hutoa kilomita 6 kwa lita: lita 37. FJ40 ni 4 na nusu: lita 49. Kwa safari mbili za mwezi, tofauti ni lita 24. Atakayekuwa anasafiri kila siku atafute Land Cruiser ya dizeli, HJ47 au BJ, kama atampata mtu anayekubali kuachana nayo.

Spana na spea

Watu husema spea za Toyota ziko kila mahali. Kwa gari la 2010 ni kweli. Kwa FJ40 ni kweli nusu. Vitu vya breki, klachi na baadhi ya vya ekseli hupatikana kwa sababu familia ya Land Cruiser 70 iliyorithi kutoka 40 mwaka 1984 bado inauzwa mpya Kenya, na pikapu zake ziko kila kaunti. Lakini kabureta ya 2F, au silinda hedi yake, ni kitu cha kuulizia duka hadi duka. Land Rover, kinyume na watu wanavyodhani, bado ina spea mpya zinazotengenezwa Uingereza hadi leo, kuanzia gasketi hadi chasisi nzima, na Nairobi ina maduka yanayoziagiza. Ubora wake hutofautiana sana. Anayenunua za bei ndogo hurudi dukani.

Tofauti ambayo hakuna anayekutajia ni spana. Kila fundi wa barabarani kutoka Kitengela hadi Namanga ana spana za milimita 10, 12, 14 na 17. Hizo zinafungua sehemu kubwa ya FJ40. Land Rover hutaka spana za inchi: nusu, saba kwa kumi na sita, tisa kwa kumi na sita. Fundi asiyekuwa nazo atajaribu na 13 au 14, atakula kona za nati, na jioni hiyo nati itakuwa duara. Mwenye Land Rover hubeba spana zake mwenyewe chini ya kiti. Pia hubeba oili, maana Series III hudondosha. Mabakuli ya usukani wa mbele na sili ya nyuma ya krenki ni sehemu za kawaida. Tone ni kawaida, kidimbwi si kawaida.

Na kuna geji. FJ40 ina geji ya shinikizo la oili kwenye dashibodi. Series III nyingi zina taa tu, na taa ikiwaka umeshachelewa, kama mimi nilivyochelewa kule juu ya Mai Mahiu. Kwa injini iliyoundwa upya ningefunga geji siku ya kwanza. Kitabu cha Land Rover kinataka psi 35 hadi 65 injini ikiwa moto na mwendo wa kawaida.

Karatasi

Hapa sitakawia, lakini usipuuze. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari haya ni yale yaliyokuwepo. Mengi ya Land Rover yaliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha kampuni iliyoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Namba zake za zamani ni herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Miaka zaidi ya 40 ni muda wa kutosha kwa gari kubadilishiwa injini mara mbili na wenye gari watatu kufariki bila kuhamisha umiliki.

Chukua rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kulipa hata shilingi ya arbuni. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, sio kwenye bamba lililofungwa kwa rivet. Kisha namba ya injini. Ovaholi ya kweli huacha namba ileile kwenye blok. Namba ikitofautiana na logibuku, injini ilibadilishwa, na mabadiliko hayo yanapaswa kukaguliwa na kuidhinishwa kabla ya umiliki kuhama. Ya mzee ilioana tarakimu kwa tarakimu. Ya yadi, ile rangi ya fedha ilikuwa imeziba mahali pa namba. Kijana alikwangua kwa kisu, na namba ilikuwa tofauti na ya kwenye logibuku kwa tarakimu mbili. Alisema ni kosa la uchapaji, na kwamba mwenye gari yuko Mombasa atalishughulikia. Bima nayo: kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu bila tathmini, kwa hiyo uliza kabla, usiulize baada.

Uamuzi

Nilimwambia dada wazi, tukinywa chai kwenye kibanda mkabala na yadi. Kama magari haya mawili yangekuwa sawa kwa hali, ningemchagulia Land Cruiser. Anasafiri Ijumaa jioni, mara nyingi peke yake, na giza huingia kabla hajafika Isinya. Anahitaji nguvu ya kulipita lori, breki zinazosimama, na gari ambalo fundi yeyote wa njiani analifungua kwa spana alizonazo. Mambo hayo yana thamani kubwa kuliko kona nzuri za Land Rover, na mimi ninazipenda hizo kona kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Lakini hayakuwa sawa. FJ40 ile ilikuwa na nusu ya ovaholi, kizingiti cha puti, kiraka kwenye chasisi na namba isiyooana, kwa bei ya karibu mara mbili. Kumaliza injini yake ni kazi ya siku chache. Kumaliza chasisi yake na karatasi zake hakuna aliyeweza kutuambia ni kazi ya muda gani, na kila tulipouliza jibu lilikuwa "hiyo ni kitu kidogo." Land Rover ilikuwa na tundu la sarafu ya shilingi kumi, breki za dramu na mlima wa gia ya tatu. Kila kasoro yake tuliishika kwa mkono.

Dada alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mzee alikuwa anaitunza kwa nini ile pistoni iliyopasuka?" Nikamwambia sijui. "Alitaka mtu aione," akasema. Akampigia simu. Walikubaliana 880,000, na sakafu ya miguu ikilehemiwa kwanza.

Tulimwekea masharti ya kulainisha injini: asizidi kilomita 60 kwa saa kwa kilomita 800 za mwanzo, asiisukume kwa gia kubwa ikiwa nzito, asiiache ikiunguruma muda mrefu imesimama, abadilishe mwendo kila mara ili ringi zikae. Alifika 800 kwa safari nne. Jumamosi iliyofuata niliingia chini ya gari Ruaka na karai la plastiki, nikafungua nati ya oili kwa spana yake mwenyewe ya inchi. Oili ilitoka nyeusi, moto, na mwishoni ikaacha chini ya karai uji mwembamba wa kijivu unaometameta kidogo. Dada alishtuka. Nikausugua kati ya vidole nikamwonyesha: laini kama poda, hauna punje. Hivyo ndivyo ringi mpya na silinda zilizochongwa zinavyojisaga mwanzoni. Tungeona vipande, au rangi ya shaba, tungefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, siku hiyo hiyo. Akainama na tochi yake akalizungusha karai taratibu chini ya mwanga, akitafuta shaba, akalizungusha tena.